KATURUKA: KIJIJI CHA KILIMANI NA HABARI YA CHUMA



Katika makala hii tumekusudia kueleza habari za kijiji kimoja kidogo kilicho juu ya kilima katika mkoa wetu wa Kagera. Kijiji hicho ni Katuruka.

Mwanafunzi akiulizwa miji ya kale ya Afrika Mashariki, haraka atataja Kilwa, Lamu, Mombasa na Zanzibar. Ni majibu sahihi. Lakini akiulizwa ni kitu gani cha kale kilichopo Bukoba au Muleba, wengi hunyamaza. Wengine hujibu kwamba huku kwetu kuna migomba, kahawa na senene tu, na historia iko pwani. Tumeona tuliandikie jambo hili, kwa sababu Katuruka inatufundisha kuwa si kweli, na pia inatufundisha namna historia ya mahali inavyoweza kupotea machoni petu tukitazama.

KIJIJI KILIPO

Katuruka ipo katika kata ya Maruku, wilaya ya Bukoba Vijijini, kusini mwa mji wa Bukoba. Anayetoka huku Kimwani, kusini mwa Muleba, anapanda kaskazini kuelekea Bukoba akiwa na ziwa upande wake wa kulia.

Nchi ya Buhaya imeumbwa kwa migongo mirefu ya vilima inayokwenda sambamba na ufuko wa Ziwa Viktoria. Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima hivyo hupanda kupita mita 1,300. Kati ya mgongo mmoja na mwingine kuna mabonde yenye mito na vinamasi vilivyojaa matete. Upepo wa ziwani huleta mvua nyingi. Bukoba ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua kubwa, yapata milimita 2,000 kwa mwaka.

Mtu anaweza kudhani kuwa mvua nyingi ni dalili ya ardhi yenye rutuba. Huku kwetu sivyo. Mvua hiyo huosha chakula cha mimea na kukishusha chini, na miamba yetu ni ya mchanga. Ndiyo maana wazee waligawa ardhi sehemu mbili. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, ambalo limerutubishwa kwa samadi ya ng'ombe na majani kizazi baada ya kizazi. Na kuna rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyo wazi, ambayo haizai sana. Ukisimama juu ya kilima utaona vibanja kama visiwa vya kijani kibichi katikati ya rweya. Kila kisiwa ni kazi ya mikono ya watu wengi waliotangulia. Kumbuka jambo hili, kwa maana tutalirejea tutakapofika kwenye habari ya misitu.

MASIMULIZI YA WAZEE

Wazee wa Katuruka walikuwa wakisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamtwara katika karne ya 17 na kuweka ikulu yake hapo kijijini. Alikuwa wa ukoo wa Bahinda, watawala waliojulikana pia Karagwe na Ihangiro. Wazee walisema mfalme huyo aliwakusanya wahunzi akawaamuru wajenge mnara wa chuma utakaofika mbinguni ili aone kulivyo huko. Chuma kilifuliwa mahali paitwapo Kaiija, penye mti mkubwa. Mnara ukapanda, kisha ukaanguka, na watu wakaangamia.

Msomaji aliyesoma Qur'an bila shaka amekwisha kumkumbuka Firauni, aliyemwamuru Hamana amjengee mnara ili apande akamtazame Mungu wa Nabii Musa (a.s.). Hatusemi kuwa kisa kimoja kimetoka kwa kingine. Tunasema tu kuwa kiburi cha watawala kutaka kufika mbinguni ni jambo ambalo watu wa mahali mbalimbali wamelisimulia na kulionya.

Sasa jiulize: je, masimulizi haya ni hadithi ya kulalia watoto, au yana ukweli ndani yake?

YALIYOPATIKANA ARDHINI

Mwishoni mwa mwaka 1969 na katika mwaka 1970 mtafiti wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, alikuwa Buhaya akikusanya masimulizi ya wazee. Wazee wa Katuruka walimwonyesha mahali pa ikulu na mahali pa mti wa Kaiija. Alipochimba hapo alikuta mashimo ya kazi ya chuma, vipande vya vyungu vya kale, makaa, na mavi ya chuma, yaani takataka ngumu nyeusi inayobaki baada ya mawe ya chuma kuyeyushwa.

Makaa yale yalipelekwa kupimwa kwa kipimo cha kaboni. Kipimo hicho hufanya kazi namna hii. Mti ukiwa hai huvuta kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya aina inayopungua yenyewe. Mti ukikatwa hauvuti tena, na aina ile huendelea kupungua taratibu: kila baada ya miaka 5,730 hubaki nusu yake. Kwa hiyo wataalamu wakipima kiasi kilichobaki katika makaa, hukadiria ni lini mti ule ulikuwa hai.

Jibu lililopatikana liliwashangaza wengi. Baadhi ya makaa ya Katuruka yalikuwa ya takriban miaka 500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kuzaliwa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Wapo wataalamu waliotahadharisha kwamba mti ulioishi karne nyingi, au gogo la zamani lililochomwa baadaye, huweza kutoa umri mkubwa kuliko siku ya kazi yenyewe. Ni tahadhari ya kielimu nasi tunaiheshimu. Lakini hakuna anayekanusha kuwa watu wa nchi hii walikuwa wafua chuma zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Vyungu vilivyokutwa pamoja na chuma hicho ni vya namna iitwayo Urewe, ambayo imeonekana pia Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi.

Hapa pana fumbo. Wazee walisema chuma ni cha Rugomora Mahe wa karne ya 17, na ardhi inasema ni cha zamani zaidi ya hapo kwa miaka elfu mbili. Nani mkweli? Maelezo aliyoyatoa Schmidt ni kwamba mahali pale palikuwa na heshima ya uhunzi kabla Bahinda hawajafika. Watawala wapya walipokuja waliweka ikulu yao juu ya mahali hapo pa heshima, na sifa ya chuma ikaungwa na jina la mfalme. Basi wazee hawakusema uongo kwamba hapo palifuliwa chuma. Lililobadilika njiani ni jina la mwenye kazi.

Wanafunzi wa madrasa wana nafasi nzuri ya kulielewa jambo hili. Tunaposoma elimu ya hadithi tunafundishwa kutazama mambo mawili: isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, na matini, yaani maneno yenyewe yaliyopokewa. Masimulizi ya mababu hayana cheo cha hadithi za Mtume (s.a.w.), lakini busara ile ile inafaa: nani alimwambia nani, na maneno yanakubaliana na ushahidi mwingine au la?

NAMNA CHUMA KILIVYOPATIKANA

Baadhi ya watu hudhani kufua chuma kizamani ni kuchoma mawe tu. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walioifanya kazi hiyo ujanani mwao walijenga tena tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Kwa ufupi, kazi yao ilikwenda hivi.

Kwanza, huchimbwa shimo lenye umbo la bakuli na kukandikwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo wa mchwa hustahimili moto. Pili, matete ya kinamasi hujazwa shimoni na kuchomwa mpaka shimo lijae masizi na makaa ya matete. Tatu, juu ya shimo hujengwa ukuta wa mviringo kwa mabonge ya mavi ya chuma ya zamani na udongo. Nne, mirija minane ya udongo wa kuchoma hupenyezwa ndani ya tanuri, na nje ya kila mrija huwekwa mvukuto wa ngozi. Tano, mawe ya chuma yaliyokwisha kuchomwa kidogo hutiwa kutoka juu pamoja na makaa ya miti, na wavukutaji hupuliza kwa saa nyingi wakipokezana.

Siri ilikuwa kwenye mirija. Kwa kuwa iliingia ndani ya tanuri, hewa iliyopita humo ilipata moto kabla ya kuyafikia makaa, na hewa iliyokwisha pata moto huongeza joto la tanuri. Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliandika habari hiyo mwaka 1978 katika jarida la Science la Marekani. Waliripoti kuwa joto mbele ya mirija lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Ili msomaji apate picha, maji huchemka kwa nyuzi 100, na chuma safi huyeyuka kwa nyuzi 1,538.

Mwisho wa kazi chuma hakikumiminwa kama maji. Kilipatikana kama bonge zito chini ya tanuri, na ndani yake zilikuwamo sehemu zilizoshika kaboni ya matete na makaa hata zikawa chuma cha pua. Mhunzi alilipiga bonge hilo kwa nyundo, akalitoa takataka, akatengeneza jembe, mundu, shoka, kisu na mkuki. Majembe yalitumika pia kama mahari na kama mali ya kubadilishana. Huko Karagwe chuma kilikuwa alama ya utawala, na hazina ya vyuma vya kifalme ilihifadhiwa Bweranyange.

Allah (s.w.) ametaja neema ya chuma katika Qur'an, na ipo sura iliyopewa jina lake, Suratul Hadiid. Tena ametuambia kuwa alimlainishia chuma Nabii Daud (a.s.), akawa anatengeneza mavazi ya vita. Basi uhunzi si kazi ya kudharauliwa. Na wahunzi wa vilima vyetu, bila ya shule wala vitabu, waliijua tabia ya udongo, upepo, matete na moto kwa kuitazama na kuijaribu.

MOTO ULIVYOZIMIKA

Kazi hii ilikuwa na gharama yake. Tanuri moja hula makaa mengi, na makaa ni miti. Watafiti waliosoma mabaki ya mimea ya kale wanaeleza kuwa misitu ya karibu na ziwa ilipungua sana katika karne za wafua chuma wa mwanzo, na kazi ya tanuri ikapungua pamoja nayo, kisha ikarudi baadaye. Rweya tunazoziona leo hazikuwa nyasi tupu tangu mwanzo. Mkono wa binadamu upo ndani yake. Wanafunzi wanaopanda miti katika siku za upandaji miti wajue kwamba wanarudisha deni la zamani.

Moto wa mwisho haukuzimwa na upungufu wa miti. Mji wa Bukoba ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1890, chini ya Emin Pasha. Baada ya hapo yalikuja majembe ya Ulaya na vyuma chakavu vya bei nafuu. Mhunzi akaona ni kazi bure kuyeyusha mawe ilhali chuma kinauzwa sokoni. Kufikia miaka ya 1920 tanuri zilikuwa karibu zote zimepoa. Wahunzi waliendelea kufua, lakini chuma chenyewe kilitoka mbali.

MNYORORO ULIPOKATIKA

Elimu ya tanuri ilibaki vichwani mwa wazee. Wazee nao huondoka. Lakini huku kwetu yalitokea mambo mengine mazito. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita ikaendelea mpaka 1979. Kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walionekana katika mkoa huu huu. Ndani ya miaka michache nyumba nyingi zilibaki na babu, bibi na wajukuu. Kizazi cha katikati kiliondoka, na hicho ndicho ambacho kingepokea maneno ya wazee na kuyakabidhi kwa watoto. Wasomaji wetu wengi wanalijua jambo hili bila ya kuelezwa, kwa sababu limepita katika familia zao. Allah awarehemu wote waliotutangulia.

Kwa hiyo huko Katuruka, katika miaka ya 2000, waliokuwa wakizijua habari za Kaiija walikuwa wachache mno. Hata mti wenyewe haukubaki, ulikwisha kukatwa. Hapo wanakijiji walifanya jambo la kupigiwa mfano. Kuanzia mwaka 2008 walijikusanya, wakawahoji wazee wake kwa waume waliobaki, wakamshirikisha tena mtafiti waliyemjua tangu zamani, na wakajenga upya nyumba za msonge na mahali pa kuonyeshea wageni na wanafunzi historia yao. Wao wenyewe ndio waliotaka kazi hiyo ifanyike, wakijua fika kuwa wakichelewa kidogo hapatakuwa na wa kuulizwa.

MFANO KUTOKA HISPANIA

Jambo kama hili lilitokea pia mbali na kwetu, katika nchi ambayo Waislamu waliishi karibu miaka 900. Kusini mwa Hispania, kwenye miteremko ya milima ya Sierra Nevada, kuna vijiji vidogo vya eneo liitwalo Alpujarra. Kimoja chao, Trevélez, kiko juu zaidi ya mita 1,400. Waislamu wa Andalusia walichonga matuta kwenye milima hiyo na kupitisha maji ya theluji katika mifereji. Mpaka leo Wahispania huuita mfereji wa namna hiyo acequia, neno lililotoka katika Kiarabu, as-saqiya.

Granada ilianguka mwaka 1492. Baada ya uasi wa miaka 1568 hadi 1571 wenyeji wa milima hiyo wenye asili ya Kiislamu waliondolewa, wakaletwa walowezi kutoka kaskazini. Inasimuliwa kuwa familia chache ziliachwa katika vijiji ili ziwafundishe wageni kazi ya mifereji, kwa kuwa bila elimu hiyo mashamba yangekauka. Kati ya 1609 na 1614 waliobaki katika Hispania nzima nao wakafukuzwa. Watu wakaondoka, mifereji ikabaki. Nayo ilipoanza kuachwa katika zama zetu, Chuo Kikuu cha Granada kilianza mwaka 2014 kuwakusanya watu wa kujitolea kuifufua, wakiongozwa na wakulima wazee wanaojua maji yanapita wapi.

Tazama kufanana kwake na Katuruka: kote kuwili mawe na udongo vilibaki, lakini ilihitajika kinywa cha mzee kueleza maana yake.

MUISLAMU NA HABARI HIZI

Huenda mzazi akauliza: Kaiija palikuwa mahali pa matambiko, je, inafaa watoto wa madrasa kusoma habari zake? Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba hatuendi huko kuomba wala kutaka baraka, maana tunamuomba Allah peke yake. Tunasoma ili kujua. Qur'an yenyewe inatuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia, na wengi wa hao hawakuwa waumini. Mwenye kusoma habari za Firauni hawi mfuasi wa Firauni. Vilevile mwenye kujua ufundi wa babu zake hashurutishwi kuchukua itikadi zao.

Tena kuna hasara upande wa pili. Mtoto asiyejua lolote la kwao huamini kwamba maarifa yote yametoka nje, na kwamba watu wake walikuwa gizani tu. Huko ni kukosa shukrani kwa neema ambazo Allah aliwapa watu wa ardhi hii.

LINALOTUPASA

Ndugu wanafunzi, kila kilima cha Muleba na Bukoba kina jina, na kila jina lina sababu yake. Tunapendekeza kila mmoja wenu achukue daftari moja wakati wa likizo. Aende kwa babu au bibi, amsalimie kwa adabu, amsaidie kazi iliyopo, kisha amuulize: kijiji chetu kiliitwaje zamani, nani walifika kwanza, kisima kilichimbwa na nani, msikiti wa kwanza ulijengwa lini na kwa nguvu za nani? Andika jina la msimulizi, na aliyemsimulia yeye, na tarehe ya siku hiyo. Ukikutana na maelezo mawili yanayopingana usiyafute, yaandike yote mawili. Ukiona vipande vya vyungu au mavi ya chuma shambani usivichukue kuvichezea. Waonyeshe walimu wako mahali ulipoviona.

Nanyi wazazi wetu, msingoje kuulizwa. Mtoto wa leo ana mambo mengi ya kumshughulisha na huenda asiulize mpaka muda upite. Msimulieni mkiwa mnamenya ndizi, au mkiwa mnaanika kahawa.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape wazee wetu umri wenye kheri, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe wapokezi waaminifu wa yale tuliyokabidhiwa. Aamin.

Wabillaahi tawfiiq.